Mkazo wa maneno kwenye Kithai: sikio la Mthai linausikiaje?

Kaka mmoja wa Arusha anayepeleka vito Bangkok na Chanthaburi ameniandikia swali refu, nalifupisha. Anajifunza Kithai kwa simu, toni tano ameshazizoea kiasi, ila akisema neno la silabi mbili wenyeji wanamkodolea macho mpaka alirudie, afu mwalimu wake kila siku "mkazo, mkazo". Sasa anauliza, kama Kithai ni lugha ya toni huo mkazo unatoka wapi tena, na ubongo wa Mthai unautofautishaje na toni wakati vyote ni sauti kupanda na kushuka? Mwisho akaongeza kama kwa umri wake wa arobaini na kitu sikio bado linafundishika.

Haya kaka, tuanzie kwenye hayo maneno yako "vyote ni sauti kupanda na kushuka", maana shida yako yote imejificha hapo. Toni ni kupanda na kushuka, sawa. Mkazo wa Kithai kwa sehemu kubwa ni urefu. Yaani muda. Silabi inavutwa au inabanwa, basi.

Toni imo ndani ya silabi kama konsonanti zilivyomo, ukiibadili umebadili neno. Chukua khaa. Sauti ya katikati ni kukwama, ukiishusha khàa ni khulinjani ile wanayotia kwenye supu zao, ukiianzia juu ukaiporomosha khâa ni kuua, ukiiweka juu kháa ndo biashara yenyewe unayofanya, na ukiizamisha kwanza ndo uipandishe, khǎa, ni mguu. Mfanyabiashara akiteleza hapo anaweza kujitambulisha kama muuaji, lakini umesema toni umeziweza kwa hiyo tusizungushane.

Mkazo wenyewe hauko ndani ya silabi moja, uko kwenye uhusiano wa silabi na jirani zake, huwezi kuusikia mpaka zipite angalau mbili. Na kwenye Kithai unakaa silabi ya mwisho ya neno. Soko ni ta-LÀAT (herufi kubwa ndo penye mkazo), kuwa mzima au kujisikia raha ni sa-BAAY, chakula kitamu ni a-RÒY, barabara ni tha-NǑN. Ile silabi ya mbele inapita haraka, irabu fupi, hata toni yake inafifia. Ukimwomba Mthai aitamke ta peke yake, polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza, ataisema kwa toni ya chini, ila mwambie akwambie anaenda sokoni utasikia ta imelala katikati haina habari. Na silabi za namna hiyo wakati mwingine zinamezwa kabisa, ile salamu ya sa-wàt-DII mitaani mara nyingi inabaki wàt-DII.

Mwaka 1996 Siripong Potisuk, Jack Gandour na Mary Harper walipima haya mambo kwa vyombo, wakachukua silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo wakalinganisha urefu, wimbo wa sauti na nguvu ya sauti, waone kipi kinazitenganisha vizuri. Urefu ndo uliongoza. Nguvu ya sauti, ambayo wengi wetu tukisikia neno "mkazo" ndo tunayoifikiria, ilikuwa na kazi ndogo. Kwa hiyo kaka kama umekuwa unapiga kelele kwenye silabi ya mwisho ili ueleweke, punguza, hawatafuti kelele.

Na ukitaka kuona toni na mkazo ni vitu viwili vinavyoingiliana, nenda kwenye duka la vitambaa. Hariri kwa Kithai ni mǎi, toni ya kuzama na kupanda. Kuna kineno cha kuulizia, kile cha mwisho wa swali, nacho kinaandikwa kwa herufi zilezile kabisa, ไหม. Kwa maandishi vyote viwili vina toni ya kupanda. Lakini kwenye mazungumzo kineno cha swali hakina mkazo, ni kifupi, hakina nafasi ya kuzama na kupanda ndani ya muda mdogo namna ile, kwa hiyo kimegeuka mái, toni ya juu. Hariri imebaki mǎi kwa sababu ina mkazo, ina muda wa kumaliza safari yake. Hali hiyohiyo imeyakuta maneno ya "mimi" na "yeye", chǎn na khǎw kwa maandishi, chán na kháw mdomoni. (Hapo pia umeona vineno vya mwisho wa sentensi, vya kuulizia na vya heshima, viko nje ya ile sheria ya silabi ya mwisho, sheria ni ya neno, hao ni mkia tu.) Maandishi yenyewe hayakusaidii, alama za toni zipo ila alama ya mkazo hakuna, na maneno yanaandikwa yameshikana bila nafasi.

Sasa ubongo.

Kwa toni ushahidi ni wa zamani na ni mzuri. Mwaka 1973 Diana Van Lancker na Victoria Fromkin waliwavalisha Wathai spika za masikioni, wakapiga neno moja sikio la kulia na lingine la kushoto kwa wakati mmoja, ukasema ulilosikia. Sikio la kulia linapeleka zaidi kwenye nusu ya kushoto ya ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakofanyiwa kazi. Maneno yanayotofautiana kwa toni tu, Wathai waliyashika vizuri zaidi kwa sikio la kulia. Ule wimbo wa toni ukiachwa peke yake kama mtu anaguna mdomo umefungwa, hakuna sikio lililoshinda. Na wasemaji wa Kiingereza waliposikilizishwa maneno yaleyale ya toni, hakuna sikio lililoshinda kwao pia. Kwa hiyo mawimbi ya sauti ni yaleyale, ila kwa Mthai ni lugha na kwa msemaji wa Kiingereza ni sauti tu. Baadaye Gandour na wenzake, akiwa Chuo Kikuu cha Purdue kule Indiana, wakaja na skani ya PET, ile inayoonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi, mwaka 2000, Wathai wakilinganisha toni za Kithai liliwaka eneo la mbele kushoto, Wachina na wasemaji wa Kiingereza halikuwaka. Cha kushangaza hapo ni Wachina, wana toni zao nne wamezaliwa nazo, ila toni za Kithai si zao. Ubongo haujali toni kwa jumla, unajali toni zako.

Mkazo una njia tofauti kidogo, na kuuona vizuri watu hutumia umeme wa kichwani zaidi kuliko skani, maana skani zinachelewa, silabi inakaa kama milisekunde 200 hivi, skani haijaamka silabi imeshaondoka. Unavalishwa kofia ya elektrodi, unawekewa sinema isiyo na sauti uangalie, na masikioni linapigwa neno moja linajirudia, linajirudia, halafu mara mojamoja linaingia lilelile lakini mkazo umehamishwa. Wewe unaangalia sinema, hujaambiwa usikilize chochote. Ni kama umelala feni inazunguka, huisikii kabisa mpaka mlio wake ubadilike. Ubongo umeshajijengea kumbukumbu ya mlio wa kawaida, kile kigeni kikiingia tu, ndani ya milisekunde 100 hadi 250 tangu tofauti ianze, linatokea wimbi hasi juu ya sehemu za mbele na katikati za kichwa. Wimbi hilo linaitwa MMN, Risto Näätänen wa Ufini na wenzake waliliripoti mwaka 1978, na hadi leo kwenye maabara za lugha ndo farasi wa kazi.

Faida yake kubwa ni kwamba mtu hawezi kudanganya. Humuulizi "umesikia tofauti?", unauliza ubongo moja kwa moja kabla mwenyewe hajajua. Watoto wa Kijerumani wa miezi 5 walipimwa namna hiyo, kwenye utafiti uliochapishwa 2004, wakaonyesha kushtuka silabi ya kwanza ilipovutwa, ambao ndo mtindo wa kawaida wa lugha yao. Wa miezi 4 bado. Mwezi mmoja tu kaka.

Kitu kinachonivutia zaidi mimi kimetoka Hungaria, na nakileta kwa sababu kinafanana na hali ya Kithai ukiigeuza. Kihungaria mkazo ni silabi ya kwanza, daima. Ferenc Honbolygó na Valéria Csépe waliwasikilizisha Wahungaria neno la kubuni lenye mkazo wa kawaida linajirudia, wakaingiza lenye mkazo uliokosewa: ubongo ulishtuka, tena mara mbili, mara moja pale mkazo uliotegemewa haukuja na mara ya pili ulipotokea pasipotakiwa. Halafu wakageuza, kilichokosewa ndo kikawa kinajirudia na cha kawaida kikawa kigeni. Kushtuka hakukuonekana. Kwa masikio ni tofauti ileile, ukubwa uleule, lakini ubongo haukushtushwa na kitu sahihi hata kilipokuja bila kutegemewa. Kwa hiyo lugha ambayo mkazo wake unajulikana utakaa wapi, ubongo hauuhifadhi neno kwa neno, unahifadhi kiolezo kimoja kwa lugha nzima na kazi yake ni kusimamia kisivunjwe. Kithai na silabi yake ya mwisho kimo humohumo.

Halafu kuna upande wa pili wa shilingi. Lugha ikiwa na mkazo wa mahali pamoja, wasemaji wake wanakuwa na kile Emmanuel Dupoux na wenzake walichokiita uziwi wa mkazo, walikionyesha kwa Wafaransa mwaka 1997. Si uziwi wa masikio, Mfaransa tofauti anaisikia, ila mpe maneno kadhaa ya kubuni yanayotofautiana kwa mkazo tu ayashike kichwani ayarudie kwa mpangilio, anachanganyikiwa, wakati Mhispania ambaye mkazo kwake unabadili maana hana wasiwasi. Wafini na Wahungaria wako na Wafaransa. Wapolandi wako katikati, mkazo wao ni silabi ya pili kutoka mwisho na wana maneno machache yanayovunja sheria.

Silabi ya pili kutoka mwisho, umeisikia hiyo? Ndo sisi. Ka-LA-mu, ki-TA-bu, ka-la-MU-ni. Na wavunja sheria wetu ni wachache vilevile, ba-ra-BA-ra ya lami na ba-RA-ba-ra ya "sawasawa", zaidi ya hapo utatafuta sana. Kwa hiyo sikio lako limekua bila kuhitaji kushika mkazo wa neno mojamoja, linajua tu unakaa wapi, linakuamulia mapema, na unavyozungumza Kithai linaendelea kukuamulia. Unakuta neno la silabi mbili, unavuta ya kwanza. TAA-lat. Hujafanya uzembe wowote, ni Kiswahili kinatekeleza wajibu wake.

Hebu tufuate kinachotokea kichwani mwa muuza matunda ukimwambia TAA-lat, maana hapo ndo jibu la "wananikodolea macho". Ubongo hausubiri neno liishe. Unaanza kutafuta kwenye kamusi yake tangu sauti za mwanzo, maneno yanayoanza hivyo yanaamka yote kwa pamoja yanagombania nafasi. Ukisema ta fupi iliyofifia, Mthai anajua hapa silabi muhimu bado inakuja, nisubiri. Ukisema TAA ndefu umempa silabi nzito, na silabi nzito kwake ni dalili kwamba neno linafika mwisho. Na taa ni neno zima, ni jicho, tena ni babu mzaa mama. Kwa hiyo ameshafungua jicho na babu, halafu inamjia lat fupi ambayo nayo si LÀAT anayoijua kwa sababu irabu umeikata, sasa lazima arudi nyuma afute aanze upya. Kurudi huko kunaonekana hata kwenye kipimo cha umeme, neno lisiloingia kwenye maana ya sentensi huacha wimbi linaloitwa N400, karibu milisekunde 400 tangu neno lianze, Marta Kutas na Steven Hillyard waliligundua mwaka 1980. Sekunde moja tu imepita na wewe unaona macho yamekutumbukia.

Umeona hapo mkazo unafanya kazi gani kwa Mthai. Haupo kumwambia neno lipi, hiyo kazi ina toni, irabu na konsonanti. Upo kumwambia neno linaishia wapi. Na kwa lugha ya maneno mafupi yanayoungwaungwa hivi, hiyo si kazi ndogo. Mâe ni mama, náam ni maji, ukiyaunga ni mto, na mâe ikishaingia kwenye "mto" inafupishwa, uzito unaenda kwenye NÁAM. Sokoni kwako ni ta-làat PHLOY, soko la vito, angalia làat iliyokuwa na mkazo ikiwa peke yake sasa imebanwa kidogo kwa sababu neno limerefuka na uzito umehamia PHLOY. Huo uwezo wa kusikia silabi ndefu kama mwisho si wa Wathai peke yao, majaribio ya lugha za kubuni yameonyesha wasemaji wa Kifaransa, Kiingereza na Kiholanzi pia wanaitumia silabi iliyorefushwa mwishoni kukata maneno. Kithai kimechukua tabia hiyo ya binadamu kikaifanya sheria.

Sasa utaniuliza, kwa sababu wewe ni mtu wa kuuliza, kama urefu ndo mkazo, na Kithai kina irabu fupi tisa na ndefu tisa zinazobadili maana, ubongo unajuaje urefu huu ni wa irabu au wa mkazo? Swali gumu na ndilo linalonipendeza kuliko yote. Jibu fupi ni kwamba haupimi milisekunde kama saa ya kukimbilia, unapima kwa kulinganisha, irabu hii ni ndefu ukilinganisha na kasi ya huyu mtu anavyoongea na silabi hii iko wapi kwenye neno. Kuna pendekezo la David Poeppel la mwaka 2003 kwamba ubongo unasikiliza kwa madirisha mawili, moja dogo la milisekunde 20 hadi 40 linaloegemea kushoto, la kushika konsonanti na mabadiliko ya haraka, lingine pana la 150 hadi 250 linaloegemea kulia, hilo ni ukubwa wa silabi nzima, na wimbo na mdundo wa maneno vinashikwa humo. Mimi naona Kithai kinayahitaji yote mawili kwa wakati mmoja kuliko lugha nyingi, na ndo maana sikubaliani na watu wanaosema toni kushoto, mkazo kulia, kama kugawana mirathi. Ile ไหม ya hariri na ya swali inakuonyesha, huwezi kuamua toni kabla hujajua silabi ina uzito gani, kwa hiyo pande mbili zinaongea muda wote.

Kuhusu umri. Kuna majaribio ya Yue Wang na wenzake kwa Wamarekani watu wazima, wanafunzi wa Kichina, toni siyo mkazo, lakini ndo ushahidi tulionao ulio karibu na ulionyooka. Walifundishwa kusikiliza toni kwa wiki mbili tu, sauti za wasemaji tofauti tofauti, wakapanda kwa asilimia 21, na miezi sita baadaye bado walikuwa nazo. Utafiti huo ni wa 1999. Mwaka 2003 wakapima ubongo kwa MRI kabla na baada, wakakuta eneo la kusikia lugha upande wa kushoto limepanuka kikazi. Hao walikuwa vijana kuliko wewe, sawa, ila wewe una kitu ambacho wao hawakuwa nacho: Kiswahili nacho kinavuta irabu ya silabi yenye mkazo, sikiliza mtu wa Unguja akisema kalaamu, kitaabu. Urefu kama alama ya mkazo tayari sikio lako linaujua. Kilichokosewa ni mahali tu, hatua moja kulia.

Kwa hiyo mazoezi yako yasianze na maneno mapya. Anza na yale ambayo Kiswahili na Kithai wote tumeyakopa kwa Waingereza, maana hapo mvutano unasikika wazi. Sisi TE-ksi, wao tháek-SÎI. Sisi kom-PYU-ta, wao khom-phiu-TÔE. Sema ya Kiswahili, afu ya Kithai, zungusha hivyohivyo mpaka ulimi uache kubisha, halafu ndo uingie ta-LÀAT na tha-NǑN. Jirekodi kwenye simu, na unapojisikiliza usitafute toni kabisa, hesabu tu silabi ipi imekaa muda mrefu. Na ile ta ya mwanzo usiitamke vizuri, yaani kwa makusudi, ipitishe kama umeisahau.

Ukifika Chanthaburi mwambie dereva ta-làat PHLOY kwa mtindo huo, ukaniandikie kama ameuliza mara ya pili.